Matundu Matatu Kwenye Gunia

Mwanamkasi hakuwahi kuipenda ile bunduki, na alikuwa na haki yake. Uweso alikuja kumposa akiwa nayo begani, hata baba mtu akauliza kama bwana harusi amekuja kuoa au kuteka. Miaka ishirini na sita ikapita. Uweso ndiye bwana nyama wa kijiji, mlinzi wa mashamba yaliyo chini ya milima ya Amani, na karibu kila alfajiri ya msimu wa mahindi aliondoka kwenda kunyatia nguruwe mwitu. Mkewe alibaki kwenye msala akimwombea, masikio yote mlangoni. Mwaka mmoja dume lililojeruhiwa lilimpasua goti, na tangu siku hiyo akawa anachechemea. Lakini kuacha kazi? Thubutu!

Mwaka ule wa themanini na sita sabuni ilikwisharudi katika maduka ya Ngamiani mjini, na khanga, na sukari kwa wenye uwezo. Watu walianza kusahau foleni na ule unga wa yanga, wa mahindi ya manjano ya msaada. Risasi ndizo hazikurudi. Na nguruwe, washenzi wale, walikwishatambua kwamba mzee hawezi tena kutambaa hadi karibu. Wakahamia ng'ambo ya kijito, hatua mia mbili kutoka kilingoni kwake, jukwaa lake la kulindia, wakila mahindi ya watu kwa raha zao kama walioalikwa.

Ndipo Jumbe, mwenyekiti wa kijiji, alipoleta ujumbe wa wilayani. Uweso amepewa darubini ya kufunga juu ya bunduki, iliyoachwa na meneja mmoja wa shamba la mkonge, pamoja na risasi tano. Akiweza kupiga mbali, vyema. Asipoweza, Ijumaa bunduki irudishwe, naye apumzike.

"Nipumzike!" Uweso alinung'unika siku nzima. "Mimi mgonjwa?"

Moyoni Mwanamkasi alisema alhamdulillahi, tena mara tatu.

Alhamisi asubuhi walikwenda wawili kwenye shamba lililokwishavunwa, lenye ukuta wa udongo mwekundu nyuma yake. Wakatundika gunia la katani kwenye miti miwili, katikati wakachora duara la mkaa la ukubwa wa chungwa. Kutoka hatua mia mbili tundu la risasi halikuonekana, hata kwa darubini ile, kwa hiyo kazi ya Mwanamkasi ilikuwa kwenda kulitazama. Kila baada ya mlio Uweso aliifungua bunduki, akailaza chini na kusimama mbali nayo, ndipo akamruhusu mkewe aende. Kwa hilo hakuwa na mchezo.

Risasi ya kwanza ilipita kulia kwa duara, vidole vinne.

"Kulia, Baba Hasina!"

Uweso akazungusha kijiskurubu cha ubavuni mwa darubini, kikalia ti-ti-ti. Akasema bismillahi, akapiga ya pili. Mwanamkasi alipofika kwenye gunia alisimama kidogo. Tundu la pili lilikuwa sawa kabisa na la kwanza kwa kimo, ila limesogea kulia zaidi, vidole vinne vingine.

Mwanamke huyu alikuwa msuka mikeka tangu utotoni. Alijua kwamba ukili ukienda upande mmoja kwa kipimo kilekile, macho hayana kosa, ni mkono unaovuta kinyume. Akaelewa palepale. Akaelewa vilevile kwamba akinyamaza, kesho bunduki itaondoka nyumbani kwake, na mumewe atalala mpaka jua litoke kama waume wa wenzake.

"Kulia bado," akasema, basi.

Uweso akazungusha tena vilevile, na risasi ya tatu ikakaribia upindo wa gunia. "Kulia bado."

Uweso akakaa chini, mguu mbovu ameunyoosha. Alizitazama risasi mbili zilizobaki kiganjani.

"Macho yamekwisha, Mama Hasina," akasema. "Nilikuwa najidanganya. Kumbe nimekwisha mwenyewe na sijui." Akageuza uso.

Mwanamkasi alitaka bunduki iondoke, lakini hakutaka iondoke na mumewe akiamini uongo huu. Huruma ilimshika. Akaenda akalifungua gunia, akamtandikia mbele yake.

"Tazama. Asiyeona hutawanya. Yako yamepangana, nafasi ni ileile. Skurubu unaizungusha wapi?"

"Kulia, kufuata kosa. Ndivyo kinavyogongwa kile chuma cha kulengea cha mbele. Risasi ikienda kulia..." Akaitazama darubini, akajipiga paji la uso.

"Hii si chuma cha mbele," mkewe akasema. "Hapa risasi inaufuata mkono wako. Mzoea punda hapandi farasi, baba."

Uweso alirudisha milio yote aliyozungusha, na milio kumi zaidi kwa ajili ya lile kosa la kwanza. Gunia likatundikwa tena. Risasi ya nne ilipita katikati ya duara, na Mwanamkasi akapiga kigelegele peke yake shambani mpaka kunguru wakaruka. Uweso alicheka huku machozi yakimtoka.

Walipokuwa wakikunja gunia aliacha kucheka.

"Ulitambua lini?"

Mwanamkasi angeweza kudanganya. "Tundu la pili."

"Na ya tatu ukaniacha niipige?"

"Nilikuacha."

"Unaogopa kiasi hicho?"

"Kila alfajiri, Uweso. Miaka yote hii. Hujawahi kuniuliza."

Mume alilishika lile goti lake, akatazama ng'ambo, mahali nguruwe walipozoea kutokea. Kisha akasema polepole kwamba darubini maana yake ni kupigia mbali, na apigaye mbali hana la kufuata karibu. Akipiga, jirani yao Rafaeli Mbondei na mbwa wake ndio watakaovuka kijito, nao ndio walaji wa nguruwe. Yeye atapigia kilingoni na kurudi nyumbani.

"Uape," akasema Mwanamkasi.

Akaapa. Kesho yake alfajiri risasi ya tano ililia mara moja, mbwa wa Rafaeli wakabweka wakivuka kijito kufuata nyama, na kabla moshi wa jikoni haujapungua Uweso alikuwa amesimama mlangoni, viatu vikavu, akiomba chai.