Friza la Harusi ya Esta

Pwaa. Ndiyo sauti yenyewe, ule mpira wa mfuniko wa friza ukibanduka, na mimi niliisikia kubwa kuliko mtu yeyote mle ndani kwa sababu nilikuwa na hedifoni masikioni na maiki nimeisogeza karibu kabisa, kwa ufundi wangu wote, ili tuipate vizuri. Mpaka leo mtu akifungua friza dukani mimi natazama chini. Aibu hii hata shangazi ninayekaa naye Flemingdon Park anaijua nusu tu, basi acha niitoe yote.

Mimi ni deiwaka wa filamu hapa Toronto. Leo nabeba taa kwenye video ya kwaya, kesho nashika maiki kwenye tangazo la duka la magodoro, keshokutwa sina kazi kabisa, nakaa dirishani naota jina langu linapanda kwenye skrini (shule niliishia kidato cha nne Kigoma, lakini ndoto haziulizi cheti). Sasa Naushad akanipigia. Huyu ni dairekta kijana, Mwismailia ambaye wazazi wake walitoka Mwanza, Kiswahili anakielewa chote ila anajibu kwa Kiingereza, na alitaka niwe mtu wa sauti, mimi peke yangu, si msaidizi wa mtu. Nilishuka basi vituo viwili kabla ya changu kwa furaha, nikatembea.

Filamu ilikuwa juu ya Mama Esta, mama wa Kikongo kutoka Uvira anayekaa Crescent Town, anayemwoza binti yake wa kwanza. Aliposikia mimi ni wa Kigoma akanishika mikono yote miwili, akasema tumekunywa ziwa moja, kwa hiyo kuanzia leo mimi pia ni binti yake. Akawa ananiita mwana wangu kila dakika, na mimi mtu akiniita hivyo huku ugenini nakuwa laini kama uji.

Jumatatu tukaanza na mahojiano sebuleni. Ukifanya kazi ya sauti unagundua nyumba zote zinanguruma, na pale lililonguruma lilikuwa friza kubwa la koridoni, lililofungwa kwa kamba ili watoto wasiibe sambusa kabla ya harusi. Nikalichomoa. Hilo si kosa, wote tunafanya hivyo, lakini fundi aliyenifundisha kazi alinipa sheria moja: ukichomoa friji la watu, weka funguo zako za nyumbani ndani yake, maana bila funguo huendi kwako, na ukizifuata utakumbuka kulirudishia umeme. Sasa mimi nikazitazama funguo zangu, nimezishika kwa mikono iliyoshika vyuma vya basi, nikaona hivi kweli nifungue kamba ya mwenye nyumba niweke uchafu huu juu ya chakula cha harusi? Mama yangu angenichapa. Kwa adabu yangu nikazirudisha mfukoni, nikajiambia nitakumbuka.

Basi Mama Esta akaongea. Alisema mama yake mzazi amenyimwa viza, haji kumwona mjukuu akiolewa, ila ametuma migebuka (yeye anaiita mikeke) aliyoikausha kwa moshi mwenyewe, imepita mikono ya watu wanne mpaka kufika hapa, na siku ya harusi itatangulizwa mezani kwa wakwe. Akasema, "Kama mama hatakuja, samaki yake itakaa mbele ya watu." Maneno hayo niliyarekodi safi kabisa, hakuna mngurumo hata kidogo, nikajisifu moyoni. Kisha akatulazimisha kula, tukala, tukacheka, nikakunja nyaya zangu na kuzihesabu moja moja nisije nikaacha kitu cha watu. Sikuacha hata betri.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, tukarudi. Akina mama sita wa kanisani walikuwa wamefika na visu na sufuria, nyumba imejaa nyimbo, na Naushad akataka tumrekodi Mama Esta akikata kamba na kufungua friza. Nikambania maiki ndogo kifuani, chini ya kitenge, nikashika na ile kubwa ya kwenye mti mrefu. Pwaa.

Kwanza ilikuja harufu. Halafu nyimbo zikazimika moja moja, kama watu wanaotoka chumbani. Mbuzi mzima alikuwa anaelea kwenye maji yake ya damu, sombe, yaani kisamvu, waliyoitwanga kwa mikono Jumamosi mbili imevimba kwenye mifuko, na katikati ile migebuka, imelowa, ina utelezi.

Akina mama wakaanza kutafuta mwenye kosa. Mmoja akasema ni umeme wa jengo, mwingine akasema alishamkataza mwenzake kununua friza la mtumba. Ndipo mtu akaiona plagi iko chini. Wakamwamsha Baba Esta, mume, aliyekuwa ametoka zamu kiwandani Brampton, akaja na fulana, macho mekundu. Soketi ile ndiyo anayochajia simu yake. Aliinama akaiokota plagi.

"Mama Esta, itakuwa ni mimi," akasema. "Unisamehe."

Wakamshukia. Kwamba mwanamume huyu siku moja atachomoa hata moyo wa mtu ili achaji simu. Yeye ameinamisha kichwa, anaitikia, ndiyo, ndiyo. Na mimi nimesimama na mti wangu wa maiki, narekodi. Naushad ananiashiria nisogee karibu zaidi, na jamani nikasogea.

Mama Esta aliwaacha pale pale. Aliingia bafuni akafunga mlango, na maiki iko kifuani. Hakulia kwa sauti. Alikuwa anazungumza polepole, kama mtu aliyepiga simu.

"Mama, samaki yako imeoza mu nyumba yangu."

Nikavua hedifoni. Nikasema pale koridoni kwamba ni mimi, nilichomoa Jumatatu, nikasahau. Mama mmoja mnene mwenye kisu mkononi akaniuliza taratibu, "Ulichomoa juu ya nini?"

"Ili sauti iwe nzuri."

Akawageukia wenzake. "Anasema ili sauti iwe nzuri."

Mama Esta alipotoka nilipiga magoti. Uso ameuosha, amejifunga upya kitenge. Akasema, "Inuka, dada. Kesho kuko harusi." Dada, kama unavyomwita mtu usiyemjua dukani. Baba Esta akaniletea mifuko ya taka, tukabeba wote wawili, safari saba za lifti, watu wanaingia na kuziba pua na kutoka ghorofa inayofuata, na yule baba hakunilaumu hata neno, jambo lililonimaliza zaidi.

Harusi ilifanyika kwa kuku wa kununua. Sikwenda. Nimeapa kwamba mashine ya mtu ikinguruma mbele yangu, ingurume, wasikilizaji watavumilia, na nikikosa kazi kwa hilo basi nikose.

Jumapili shangazi alikwenda kanisani, mimi nikabaki na kazi ya kupanga sauti zote nizitume. Naushad alikuwa ameshaniandikia kwamba ile ya bafuni ndiyo roho ya filamu, nisiipoteze kwa vyovyote. Nikaitafuta. Dakika nne na kidogo. Sikuisikiliza tena. Nikaifuta kwenye mashine, nikaifuta na kwenye kadi, nikamwandikia kwamba maiki ilikatika, kisha nikazima simu.