Siku Mama Mkwe Alipomshika Kiema Mkono

Kiema wa Shauri Moyo alikuwa na ubishi wa kumtosha yeye na ukoo wake mzima. Ukimwambia leo ni Jumanne, anakuuliza nani kakwambia. Kazi yake ilikuwa kuchonga vinyago vya watalii, twiga hasa, katika kibanda cha mabati upande wa Gikomba, humo humo Nairobi, pale ambapo nyundo za maseremala hazinyamazi tangu asubuhi. Mkono wake ulikuwa mwepesi na kazi yake safi, hilo hakuna aliyelikataa. Mdomo ndio uliomponza.

Mwaka wa tisini na saba redio ikaanza kutangaza kwamba kuna mvua kubwa inakuja, mvua yenye jina lake kabisa, El Nino, eti kwa sababu bahari za mbali zimepata joto kupita kawaida. Wee! Shauri Moyo ilicheka mpaka ikashika mbavu. Watu walikuwa wametoka kwenye ukame, mifereji inakohoa hewa tupu, halafu waambiwe habari ya mafuriko? Mlangoni kwa Abdiqadir mwenye duka kila mtu alikuwa mtaalamu. Makokha, fundi wa viatu, alisema ni mabomu ya wazungu yametoboa mbingu. Abdiqadir alisema mvua ni rehema, anayeijua ni Mmoja tu, na asiyenunua kitu asimzibie mlango.

"Serikali inatafuta misaada tu," Kiema alisema. "Juzi tuliambiwa njaa, leo mafuriko. Kesho wataniambia twiga wangu wamekula majani."

Watu wakacheka, naye akaenda nyumbani ameridhika.

Mwezi huo wa Oktoba, sikukuu ya Kenyatta ikaangukia Jumatatu. Mchongaji mwenzake alikuwa amemnong'oneza kwamba kule kusini ya Kitui, kwenye mito ya mchanga, watu wanaokota vito vya kijani, na kimoja tu kikiwa safi kinaweza kumtoa mtu Shauri Moyo. Na mto mmoja wa namna hiyo ulipita chini ya shamba la mama mkwe wake. Basi Kiema akamwambia mkewe, Kavindu, wajitayarishe na wasichana wao wawili, wanakwenda kumsalimu nyanya. Kavindu alifurahi kweli, mpaka alipoona mfuko wa safari una sururu na chekeche.

Hapa lazima jambo moja lielezwe, maana asiyelijua atapotea. Kwa Wakamba wanaoshika mila, mwanamume na mama mkwe wake hawana mzaha. Hawapeani mikono, hawatazamani usoni, hawalali chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja hupinda kando. Si chuki. Ni heshima, na ni heshima nzito kama gunia la mahindi. Ndindi, mama yake Kavindu, aliishika kikamilifu. Miaka kumi na moja alikuwa hajamtamkia Kiema neno moja ana kwa ana. Akiwa na la kusema, humwambia Kavindu, naye Kavindu humwambia mumewe aliyeketi hatua sita tu kutoka hapo. Usiku Kiema hulala kwa shemeji yake Munyoki, ng'ambo ya shamba.

Jumamosi jamaa yote ilishinda mtoni. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu, mkavu, mweupe, na kingo zake za udongo mwekundu zilimzidi mtu kimo. Kiema alichimba shimo chini ya ukingo, Kavindu akapepeta, wasichana wakachagua mawe na kugombana. Ilikuwa siku tamu, tusidanganyane. Kavindu alicheka kuliko alivyocheka mwaka mzima. Lakini hawakupata kitu.

Jumapili baada ya kanisa walirudi, na kabla ya saa nane Kiema akapiga ukelele. Alikuwa ameshika kijiwe cha ukubwa wa punje ya haragwe, na alipokielekeza juani kikawa kijani mpaka moyo ukamruka. "Mama watoto! Tumetoka!" Basi ndio kwanza akazidi kuchimba, jiwe akilifumbata katika kiganja cha kulia huku akishika sururu, asije akalipoteza.

Ndindi alikuwa juu ya ukingo, mgongo ameupa mto kama inavyompasa, na redio yake ndogo ameifunga kwenye leso kiunoni. Hakuwa amesoma hata darasa moja, lakini matangazo ya Kikamba hayakumpita, na yule wa redio akisema neno la mvua, Ndindi aliliamini. Alikuwa amelima mapema na kuziba mabati. Jirani zake walimcheka vilevile.

"Kavindu," aliita, "mwambie mwenzako atoke mtoni. Kule juu milimani kumekuwa kweusi."

Kavindu akafikisha ujumbe. Kiema akatazama juu. Jua lilikuwa likichoma.

"Mwambie mama hapa hakuna wingu hata la kufungia sukari."

"Mwambie mvua ya huko huja na huu mto."

"Mwambie redio imewekwa ili tuuziwe sabuni."

Kavindu hakuubeba huo ujumbe. Hasira zilimpanda. "Mimi na wanangu tunapanda nyumbani," alisema. "Wewe baki na mawe yako." Akawashika wasichana mikono, huyoo, akaenda zake.

Sasa Ndindi akabaki juu na Kiema chini, na mbebaji wa maneno hayupo. Mama wa watu alikohoa. Akaimba ubeti wa wimbo wa kanisani, kwa sauti kubwa. Kiema akaendelea kuchimba. Mwishowe akageukia kichaka na kuanza kukemea mbuzi. "Nyinyi mbuzi! Tokeni mtoni! Hamna masikio? Mnataka kufa mkiwa na mali mdomoni?"

Mtoni hapakuwa na mbuzi hata mmoja. Kiema alielewa vizuri sana mbuzi ni nani. Alicheka peke yake mle shimoni, akapiga sururu nyingine.

Mlio aliusikia kwanza akadhani ni lori. Kisha akakumbuka kwamba huko hakuna barabara ya lori. Alipotoa kichwa shimoni, aliona kwenye kona ya mto ukuta wa maji ya matope, umebeba magogo na mavi ya ng'ombe, unakuja. Alitoka shimoni kwa magoti. Maji yakamfika vifundoni, akapiga hatua tatu, yakamfika mapajani. Akaurukia ukingo. Udongo ukamegeka mkononi. Akaurukia tena, ukamegeka tena, na shimo lake mwenyewe, nyuma yake, lilikuwa limeshajaa na maji yanazunguka ndani yake. Hapo Kiema aliogopa, tena sana. Aliwaona wasichana wake wakiambiwa kwamba baba yao amekufa maji.

Alipoinua macho, mkono ulikuwa juu yake. Mkono mkavu, wenye bangili moja ya shaba. Ndindi alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, uso kwa uso naye.

Na unajua Kiema alifanya nini? Aliinamisha macho. Naam, maji yako kiunoni, mauti yanamvuta suruali, naye ameona haya! "Mti!" alipiga kelele, kama anayemwambia mtu mwingine. "Nileteeni mti nishike!"

"Mti gani?" Ndindi akafoka. "Miti si mliimaliza mkachonga twiga? Shika mkono, mjinga wewe!"

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya kwanza ambayo mama mkwe wake alimwambia tangu amwoe binti yake. Kiema alifungua kiganja cha kulia, akashika.

Kavindu, aliyekuwa amesikia ngurumo akarudi mbio, aliwakuta wameketi juu ya ukingo, wekundu kwa matope, wanatetemeka, mtu na mama mkwe wake, na mikono yao bado imeshikana kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuiachia. Alipiga yowe. Mpaka leo hakubali kusema kama yowe lile lilikuwa la mto au la ile mikono.

"Na jiwe?" aliuliza baadaye, walipokwisha kulia na kucheka.

"Jiwe gani?" alijibu Kiema, na hakuwa anatania.

Mila ikivunjwa ina dawa yake, ni mbuzi wa kuchinjwa, na humtoa mwenye hatia. Kiema alisema ni yeye aliyeshika. Ndindi, kupitia Kavindu, akasema ni yeye aliyenyoosha mkono. Walibishana hivyo siku nzima ya sikukuu, kila mmoja akiidai hatia iwe yake, mpaka Munyoki akachoka na kuchinja mbuzi wake mwenyewe.

Mvua ikaja kweli, si Kitui tu. Novemba yote Nairobi ilinyeshewa usiku na mchana, Gikomba ikawa uji, na Makokha akasema yeye tangu mwanzo aliiamini redio. Kiema hakubishana naye. Kila saa ya taarifa ya hali ya hewa alikuwa mlangoni kwa Abdiqadir, na aliyefungua mdomo alinyamazishwa.

Kisha habari ikaja kwamba nyumba ya Ndindi imeanguka ukuta mmoja. Kiema alimtuma Kavindu amlete siku ile ile. Chumba chao Shauri Moyo kilikuwa kimoja, na paa moja ni paa moja. Basi Kiema akabeba blanketi, akahamia kibandani kwake Gikomba, akalala kati ya twiga wiki tatu, mabati yakivuja shingoni. Wenzake walimhurumia. "Mniache," aliwaambia. "Yule mama akitaka na kitanda nitampa. Mimi nina pumzi, nataka nini tena?"

Kila asubuhi alikuja mpaka mlangoni, akasimama nje kwenye matone, mgongo ameupa mlango, akasema yale yale: "Kavindu, muulize mama ameamkaje."

Asubuhi ya kumi hivi, Kavindu alikuwa ametoka kuteka maji. Kiema hakujua. Aliuliza kama kawaida, akangoja. Akataka kuondoka. Ndipo sauti ikatoka ndani, taratibu, bila kupitia kwa mtu.

"Nimeamka salama, mwanangu. Na wewe je, hukunyeshewa?"

Kiema mbishi, mwenye jibu kwa kila mtu wa Shauri Moyo, alifungua mdomo na asipate hata neno moja.