Plagi ya Tatu Ambayo Sikuiosha

Siku yangu ya kwanza gereji sikupewa spana. Nilipewa mkebe wa petroli na brashi ya waya. Gereji ilikuwa ya Mzee Omari Wangatia, mtu wa Mumias aliyehamia Kakamega mjini, naye aliniajiri nipike chai. Lakini Fundi Mkuu, Josephat Shitsama, aliniangalia mikono akasema, "Muhonja, chai haimalizi siku. Hizi plagi utakuwa unaziosha."

Nyinyi wajukuu pengine hamjawahi kushika plagi. Ni kitu kidogo kama kidole, kinafungwa juu ya silinda, na kazi yake ni kutoa cheche ya kuwasha petroli. Silinda ndiyo chumba ambamo moto unawaka. Magari yetu mengi yalikuwa nazo nne, kila moja na zamu yake. Moja ikikosa zamu, injini inakohoa na kutetemeka. Sisi tulisema gari inamisi.

Desturi ya gereji yetu ilikuwa hivi: gari ikija inamisi, plagi zote zinatolewa, zinatupwa pamoja kwenye mkebe wangu, naziosha mpaka zing'are, ndipo fundi anaziangalia. Niliosha hivyo miaka miwili. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hivyo niliamini usafi ndio ufundi wenyewe.

Sasa kulikuwa na pikapu ya mkunga Perpetua Ayuma, wa upande wa Iguhu. Pikapu kuukuu ya kijani, mlango wa kushoto umefungwa kwa kamba. Hiyo ndiyo ilibeba kina mama wenye uchungu kutoka vijijini hadi hospitali, na gari lingine la kazi hiyo halikuwepo. Ikaanza kumisi. Asubuhi ikiwashwa inakohoa, kilimani inaishiwa nguvu, lakini ikifika kwetu imeshapata joto, inanguruma vizuri kama haijui kilichoileta. Mara ya kwanza Fundi Mkuu alibadilisha plagi. Mara ya pili akabadilisha nyaya pamoja na koili, ile inayokuza umeme wa betri uweze kuruka kama cheche. Mara ya tatu Ayuma alishuka akatupa funguo mezani.

"Shitsama, juzi nimesukuma hii gari na mama mjamzito yuko ndani. Alitaka kushuka anisaidie!"

"Mama, injini imezeeka. Hata mimi na wewe tumezeeka."

"Zeeka wewe. Mimi asubuhi nawaka mara moja."

Mafundi walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini Fundi Mkuu hakucheka. Alimwambia aiache pikapu ilale kwetu. Kesho akikosa kuona ugonjwa, basi, injini imekwisha, na gari iuzwe kama vyuma vikuukuu. Injini nyingine Ayuma hakuwa na njia ya kuipata. Alikaa kwenye benchi langu, kikombe mkononi, hakunywa.

"Muhonja," akaniambia, "wiki hii nina watatu wanaoningoja." Akanitajia: Imali, Khasandi, na Selina mke wa Lukalia. Majina hayo hayajanitoka.

Asubuhi Ayuma alifika mapema, na pikapu ikawashwa ikiwa baridi. Ikakohoa vile alivyosema, moshi mweupe ukatoka nyuma. Fundi Mkuu akaizima. "Muhonja, toa plagi uoshe."

Nilizitoa, nikaenda kwa mkebe, nikakuta umetoboka na petroli yote imemwagika. Basi nikachukua sinia ya chai, nikazipanga juu yake vile zilivyotoka, ya kwanza mpaka ya nne, nikingoja mkebe mwingine. Kwa vile mikono haikuwa na kazi, macho yakapata kazi. Ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ya tatu ilikuwa safi. Safi jamani, nyeupe, inang'aa kuliko plagi yoyote niliyowahi kuosha.

"Fundi Mkuu, hii ya tatu nani ameiosha?"

"Si wewe ndiye mwoshaji?"

"Sijaosha hata moja."

Alikuja, akainama juu ya sinia, akaigeuza ile ya tatu kwenye mwanga. Halafu akageuka. "Mama Ayuma, maji ya rejeta unaongeza?"

"Kila asubuhi, kikombe kimoja. Gari kuukuu si hunywanga maji?"

"Mbona hukusema?"

"Mbona hukuuliza?"

Fundi Mkuu alifungua hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya silinda. Chini yake hukaa gasketi, bamba jembamba linalotenga moto na maji ya rejeta, yale ya kupoza injini. Akaniita nione. Kwenye gasketi, kando ya silinda ya tatu, palikuwa na tundu dogo kama la sindano. Gari ikilala, maji yalidondoka humo ndani. Asubuhi mvuke wake ulisugua plagi ikatakata, na kilimani nguvu ya moto ilivujia hapo hapo. Tundu la sindano!

Nilikuwa nimesimama mbele ya chuma kilichotueleza ugonjwa wake mara tatu, na mara mbili mimi na brashi yangu tulifuta maelezo.

Fundi Mkuu alijifuta mikono polepole. "Tumekuwa tunaoshanga majibu," akasema, mbele ya mafundi wote. Kisha akanipa spana yake, namba kumi na saba, nifunge hedi juu ya gasketi mpya, yeye akinielekeza.

Tangu siku hiyo nilikuwa fundi. Baadaye nilipelekwa Mumias kwenye matrekta ya miwa, chini ya Msimamizi wa Karakana, Bwana Hamisi Makokha. Kila asubuhi alinisalimu, "Salaam aleikum, Mama Sinia," akijua nitajibu huku nikipanga plagi kwenye sinia. Sasa nimestaafu, niko Shirere kati ya wanafunzi wapangaji. Magari yao yanachomekwa kompyuta, nayo inataja silinda iliyougua. Naangalia nikistaajabu kama mtoto. Lakini huwa nawauliza: imewaambia kwa nini?

Pikapu ile iliwafikisha Imali, Khasandi na Selina, wote salama. Mwaka uliofuata ikanibeba mimi. Nililala nyuma kwenye godoro, tunapanda kile kilima cha Iguhu, fundi mmoja wa gereji kwenye usukani, Ayuma kando yangu amenishika mkono. Aliona midomo yangu inacheza.

"Unahesabu uchungu?"

"Hapana, dada. Nahesabu silinda."

Zilikuwa nne, na hakuna iliyokosa zamu.