Bajeti Isiyo na Msiba

Shule niliishia darasa la tatu, na nyumba yangu ya matofali hapa Makwale nimeijenga kwa kakao. Ndiyo maana binti wa mradi, aliyekuja kutunga mafunzo ya fedha kwa wakulima waliobanwa na maisha, aliletwa kwangu kwanza. Akabandika karatasi ukutani: chakula, ada, mbolea, akiba. Nikaisoma taratibu kwa kidole.

"Misiba iko wapi?"

"Hiyo ni dharura, mzee. Imo kwenye akiba."

"Dharura hapa ni wiki isiyo na msiba."

Alicheka. Mimi sikuwa natania. Jirani yangu na mkewe kila msiba walikuwa wanauza kakao mbichi kwa bei ya kutupa, ili wasiende mikono mitupu. Kwetu usipozika wenzio, wewe atakuzika nani? Lakini mwaka huu mtoto wao wa mwisho alichaguliwa chuo cha ufundi, na kakao iliyokuwa mitini ndiyo ada yake. Wakiiuza mbichi, mtoto anabaki nyumbani.

Binti akaongeza mstari: fedha ya misiba, kila mwezi. Siku ya kulijaribu somo, watu wakanuna. Jirani akasimama.

"Nikitenga hela ya msiba leo, kesho mama mkwe akifa mtasema nani kamwitia kifo?"

"Si unamwitia kila siku!" mmoja akadakia. Tukacheka, lakini hakuna aliyekubali. Niliwaambia ni wajinga, wakanuna zaidi.

Mke wa jirani ndiye aliyelikwamua.

"Nyie baba zetu mnawaza hela tu. Msibani si tunapeleka na mchele? Tukivuna, kila nyumba itenge mpunga wa kupeleka. Mpunga ni chakula, haumwitii mtu kifo."

"Utatunzwa wapi, mama?" binti akauliza.

"Kwangu watoto wataula."

Wote wakanigeukia, maana stoo yenye bati na kufuli ni yangu.

"Uje kwangu," nikasema, "ila ufunguo akae nao huyu mama. Mimi wali naupenda."

Binti akaandika upya somo lake, gunia la mpunga likiwa juu kabisa.

Kakao ilipoiva, jirani aliivuna akaivundika ndani ya majani ya mgomba. Kabla hajaianika, shemeji yake akafariki kule Njisi. Nikiwa barazani nilimwona anafunua majani, ndoo mkononi, na mnunuzi wa kakao mbichi, wale wapitao mlango kwa mlango, keshafika na mizani yake.

"Funika hiyo!" Mkewe alikuwa anatoka stoo kwangu, debe la mpunga kichwani. "Tunapita mashineni kukoboa, halafu tunakwenda."

Jirani akaweka ndoo chini. Kisha akafunika. Mnunuzi akaondoka akinung'unika, na mimi sikumpa hata pole.

Kakao ile ilikauka vizuri, ikaenda mnadani, ikaleta ada yote. Mtoto alipoondoka na begi lake kwenda chuo, baba yake alikuja kwangu, akainama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ndaga fijo, tata."

Nikamwambia shukrani hiyo airudishe nyumbani kwake, mwenye ufunguo yuko huko.