Mama Madoa na Jiwe la Juu

Mmenichosha, ninyi wa ofisi ya kijiji. Hii ni mara ya tatu mnaniletea daftari, mnataka habari za kinu cha maji, na kibao mlishakisimamisha mtoni kabla ya kuniuliza. Mlianza na rangi, sasa ndiyo mnatafuta maneno. Haya. Naandika mwenyewe, polepole, na herufi zangu ni kubwa. Asiyezipenda asome kwingine.

Kibao kinasema mawe ya kinu yalichongwa na mzee na mwanawe. Mzee ni baba mkwe wangu. Mwanawe ni mume wangu. Walikuwa watu wazuri, na hakuna kati yao aliyejua kuchonga jiwe la kusagia. Aliyejua ni mama mkwe wangu. Wateja walimwita Mama Madoa.

Jina lilitoka mkononi. Jiwe huchongwa kwa sururu ndogo ya chuma, na kila ukipiga, vichembe vya chuma huruka vikaingia kwenye ngozi na kubaki humo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na madoa meusi kuanzia vidoleni mpaka karibu na kiwiko. Baba mkwe nilimkata kucha miaka yake yote ya mwisho. Mikono yake ilikuwa safi kama ya karani.

Mfereji ulichimbwa na babu yake mume wangu, hatua mia nne kutoka kwenye banio, pale mto unapozuiwa ili maji yaingie mferejini, hadi kwenye gurudumu. Gurudumu ni la mbao. Linazungusha jiwe la juu, na jiwe la chini halitikisiki. Nafaka inaingia kwa tundu la katikati, inakatwakatwa na vijitaro vilivyochongwa kwenye mawe yote mawili, inatokea pembeni ikiwa unga. Vijitaro vikiwa butu, jiwe la juu linanyanyuliwa, linalazwa chali, linachongwa upya.

Mzee alipofariki, ndugu wakamkabidhi mume wangu sururu, kwa kuwa ndiye mwanamume. Mama Madoa akasema, "Sawa. Sikanyagi mle ndani mpaka aniite mwenyewe, kwa mdomo wake." Akaenda kupalilia vitunguu vyake. Mwaka mzima.

Mume wangu akachonga jiwe la juu. Unga ukatoka wa moto, unanuka kama nywele zilizoungua. Wateja wakawa wanapita mlangoni kwetu na magunia yao, wanaelekea kwenye mashine ya kusaga ya dizeli, wakitusalimia kwa adabu sana. Ile adabu ndiyo iliyouma.

Wenye mashamba ya juu walikuwa wameyamezea mate maji yetu siku nyingi. Mwenyekiti wao, mtu mnene mwenye baiskeli ndogo, akaja kutuambia kwamba siku ya gulio kinu kisiposaga, banio linafungwa na maji yanakwenda kwenye nyanya. Zilibaki siku tano. Mfereji ukikauka, hatukuwa na kazi nyingine tuliyoijua.

"Mwite mama," nikamwambia mume wangu.

"Mimi ni mtoto, wa kumlilia mama?"

Nikachota unga konzi moja, nikaenda kwenye vitunguu.

"Nusa, mama."

"Sinusi. Nani kakutuma?"

"Miguu yangu."

"Basi ikurudishe."

Sikuondoka. Shingo ngumu si yake peke yake. Nilisimama na konzi yangu mpaka akamaliza tuta la pili, akainua kichwa, akanusa mara moja tu.

"Kachonga kinyume," akasema.

Akaja mpaka kizingitini, akasimama hapo. Mume wangu alikuwa ndani anafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Akauegemeza ufagio ukutani.

"Ingia basi, mama."

"Sijasikia."

"Karibu ndani, mama. Nisaidie."

Akaingia. Mume wangu akaanza kujitetea. "Jiwe la juu si linafunikwa? Ndiyo nikaligeuzia michoro, ikutane sawasawa na ya chini. Nimetumia akili."

"Umetumia nyingi mno. Kutanisha viganja vyako."

Akavikutanisha kama anayeomba. Kidole juu ya kidole.

"Hivyo vinakata nini?"

"Havikati."

Akamshika mkono wa kulia, akaulaza kiganja kwa kiganja na mkono wake wa kulia. Vidole vikapishana kama mkasi. "Mawe yote mawili ni mkono wa kulia. Unayachonga mchoro uleule. Ukilifunika la juu, linajipanga lenyewe. Na usinune. Baba yako alikosea hivihivi mwaka tuliooana."

Kazi ilichukua siku nne. Siku mbili alikwangua uso wa jiwe ukawa bapa, ya tatu akaanza kuchonga, macho yakamgomea mchana. Akanipa mimi sururu.

"Piga kama unayebisha hodi kwa mtu usiyempenda lakini una shida naye."

Doa langu la kwanza lilipatikana siku ile. Lipo bado, chini ya kidole gumba.

Siku ya gulio mwenyekiti alitia mkono kwenye unga. Haukuwa wa moto. Akausugua, akaunusa, akakung'uta vidole.

"Nyanya zitasubiri," akasema.

"Zinyweshee kwa ndoo, baba," Mama Madoa akamjibu. "Afya unayo."

Maji yakabaki. Tulichonga pamoja miaka tisa mpaka alipofariki, nami nikachonga peke yangu miaka kumi na sita, mpaka umeme ulipofika na gurudumu likasimama. Jiwe la juu limeegeshwa ukutani, michoro inaonekana.

Sasa zamu yenu. Futeni "mzee na mwanawe" kwenye kibao. Andikeni "Mama Madoa na mkaza mwanawe", ndiye mimi, kwa herufi kubwa kama zangu. Na wewe unayesoma, ukipita ukakuta bado hakijafutwa, ingia ofisini kwao uwaulize, na usitoke mpaka wakujibu. Kikishabadilishwa, mje mniite kwa mdomo. Sikanyagi pale mpaka niitwe.