Mume Wangu wa Cheti Anywa Mizizi Kolwezi

Tuliondoka Tunduma kwa sababu mama mkwe alitishia kuja. "Kama hamutakuya, mi njo nitakuya," alisema kwenye simu kutoka kwao Kolwezi, Kongo, na sisi wanne tuliokuwa mezani tukaacha kutafuna. Nyumba yetu ina vyumba viwili. Kimoja ni changu na Tausi, ambaye majirani wanadhani ni mdogo wangu. Cha pili ni cha Trésor, mume wangu, na Obadia, ambaye majirani wanadhani ni mpangaji. Huku kwetu mtu hufungwa kwa mapenzi ya namna hii. Ndiyo maana mimi na Trésor tulikwenda bomani, tukatia saini, tukala pilau, kisha kila mmoja akarudi kwa wake. Mama akija, angelala wapi na angeona nini? Afadhali sisi twende. (Majina ya watu nimeyabadilisha. Kolwezi nimeiacha ilivyo.)

Siku mbili za kwanza tulivuka Zambia kwa basi huku tukihojiana. Trésor ni karani wa forodha, kwa hiyo maswali aliyaandika kwenye daftari. Tulikutana wapi? Kanisani. Nilivaa nini? Gauni la bluu. "Na chai unaipenda vipi?" Miaka miwili nyumba moja, hakujua kwamba sinywi chai! Mimi nami sikujua kwamba baba yake alishafariki.

"Nyie mmeoana lini?" akauliza mama mmoja wa kiti cha nyuma.

"Tunafupisha safari tu, mama," nikamjibu.

Siku ya tatu tulipita Kasumbalesa tukalala Lubumbashi. Ya nne ilikuwa vumbi na malori ya madini mpaka Kolwezi, halafu pikipiki mbili hadi mtaa wa Kapata. Hapo kuna safu za nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi, zote zimefanana kama matofali. Nikaona mama amesimama mlangoni, nikashuka mbio, nikapiga magoti, nikamwaga machozi niliyoyaandaa tangu Tunduma.

"Mi hapana mama yake," alisema yule mama. "Ni nyumba ya pili pale. Lakini endelea tu, mutoto, uko na heshima."

Mama Béa, mama mkwe wa kweli, alinipokea kwa vigelegele, bukari, yaani ugali wao, samaki na sombe, kisamvu chao. Tulikula vizuri hadi Tantine Godé, dada wa marehemu baba yake Trésor, aliponawa mikono.

"Miaka mbili," alisema, akinitazama kiunoni. "Na tumbo iko sawa na meza. Huyu mwanamuke anazalaka ao hapana? Kama hapana, kuko binti ya jirani, anasukaka nywele, nilishamuambia angoje."

Binti huyo angekuja Tunduma na begi lake, na angetaka mume wa kweli. Kwenye daftari hakukuwa na jibu.

Trésor ni mtu wa haya, anawapisha hata mbuzi njiani. Akasimama.

"Tantine, shida haiko kwa Neema. Nilienda ku hospitali. Ni mi njo niko na shida."

Wajomba zake waliokula nasi wakaangalia viatu vyao. Mwanamume kusema hivyo mbele ya ukoo wake ni kujivua nguo sokoni. Mama Béa akajifunika uso kwa kitenge. Kisha Tantine akapiga makofi.

"Basi! Dawa iko!"

Siku tatu zilizofuata mume wangu alikunywa mizizi iliyochemshwa: asubuhi, adhuhuri na alasiri, kikombe kikubwa, Tantine akiwa amesimama mbele yake. "Maliza, hapana kuacha." Majirani nao walileta zao. Yule mama wa kwanza alileta chupa, akaapa kuwa mumewe alipata watoto tisa kwayo, "na wa kumi kule inje." Kufikia Jumatano, Trésor alikuwa anaishi chooni, na wanaume waliopita barabarani walimpigia kelele za kumtia moyo: "Courage, Trésor!"

"Ungeniachia mimi lawama," nilimwambia nje ya mlango wa choo. "Mimi ni wa kuondoka, wewe hapa ni kwenu."

"Cheti kinasema mume," alijibu kwa sauti ya mgonjwa. "Ngoja kwanza. Sogea."

Asubuhi ya kuondoka, Mama Béa alinishika mkono jikoni.

"Unisamehe, mutoto. Ungemuacha, ungepata mwenye kukupa batoto. Unabakia juu ya nini?"

"Kwa sababu ni mtu mwema, mama," nikasema, na sikuwa nimelifanyia mazoezi hilo.

Kurudi kulituchukua siku tano, maana basi lilisimamishwa mara nyingi kwa ajili ya tumbo la Trésor. Nilikwenda Kolwezi nikidhani kazi ni kudanganya vizuri. Nilirudi nikiwafikiria rafiki zangu kadhaa walioolewa kwa mapenzi makubwa, na mtoto alipochelewa, mume ndiye alikuwa wa kwanza kuwanyooshea kidole; wangu wa cheti alijinyooshea mwenyewe.

Tulipofika, Obadia alimlaza Trésor kitandani, nami nikamsimulia Tausi yote. Kwa miaka miwili Tausi alikuwa akimwita Trésor "huyo bwana wako," tena kwa kuvuta midomo. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akaenda jikoni, akapika uji mwepesi, na kugonga mlango wa chumba cha pili.

"Shemeji," akaita. "Amka unywe."