Pole ya Kukonda

Leo sokoni Keroka mama mmoja ameniangalia akasema, "Pole sana, umekonda hivi!"
Nimecheka hadi watu wakageuka.

Nimemkumbuka Mama, miaka ya sabini.

Alikuwa mnene. Kwa Kikisii mnene ni omonene, neno lile lile tunalomwitia Bwana Mungu. Sasa cheo kama hicho unakiachaje?

Lakini magoti yalimuuma, na zahanati ya serikali ilimpa vidonge bure. Siku moja vikaishia kwake. Mama wa watu aliyemfuata kwenye foleni, amejikunja kwa maumivu, akarudi mikono mitupu.

Mama akaacha sukari. Akaacha kupanda lori, akawa anatembea hadi sokoni.

Akakonda, jamani, na magoti yakaacha kuuma!

Dada zake wakaja na kikapu cha unga wa wimbi, wakamkabili Baba: "Dada yetu humlishi?"

Mama akausonga unga huo huo, akawapakulia.
"Kuleni. Mimi nimeshiba. Nimemwachia mgonjwa dawa yake."

Kwenu mtu akikonda anapewa pole ama hongera?

Mimi yule wa sokoni nimemjibu, "Si ugonjwa, mama. Ni urithi."